"Anayebaki wa mwisho ndo mshindi": hiyo sheria ndo inaua gemu yako

SWALI: Natengeneza gemu ya vita ya ubao, watu 6, anayebaki wa mwisho ndo mshindi. Wote wanaanza na majeshi 12 na ardhi sawa, ila wanalalamika haina haki, na wa kwanza kutolewa anakaa masaa mawili anachezea simu. Nimeshauriwa niweke taimu, ikiisha mwenye ardhi nyingi ashinde. Sawa?

JIBU: Ndugu yangu, hii gemu naletewa kila wiki na kila anayeileta anajitetea hivyohivyo, "mbona wote wana majeshi sawa". Kuanza sawa sio haki ya kushinda! Ukishasema anayebaki wa mwisho ndo mshindi umewaambia watu wakae kimya wajaze majeshi kwao, maana anayepiga anapungukiwa na anayepigwa anapungukiwa, anafaidi yule wa tatu ambaye hajagusa hata kete. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Halafu yule aliyebakiwa na majeshi mawili hawezi kushinda tena ila ndo anaamua nani ashinde, na anaamua kwa kisirani.

Taimu ndo balaa kabisa, aliyekushauri hajawahi kukaa mezani. Watu watatulia mpaka raundi ya mwisho, hapo wote wanavamia, na mwenye zamu ya mwisho anabeba ardhi bila kujibiwa.

Angalia Diplomacy, gemu ya vita ya ubao ya Allan Calhamer, ya 1959: watu 7, vituo 34 vya kugombania kwenye ramani, ukifikisha 18 umeshinda. Ni zaidi ya nusu kwa hiyo hawawezi kufika wawili, na amri zinaandikwa kwa siri zinafunguliwa pamoja, hakuna mwenye zamu ya mwisho. Inakula masaa kibao, usiige yote. Wewe weka mshindi ni mwenye zaidi ya nusu ya ardhi, na azishikilie mpaka zamu imrudie ili wenzake wapate nafasi ya kumshusha. Na kumtoa mtu kulipe, kama kwenye gemu ya Risk unavyochukua kadi zake, hapo gemu inaisha haraka.

Ila hawa wa mtandaoni wanaouza fomula za Excel za balansi, yaani za kusawazisha nguvu za wachezaji, wananichosha. Gemu ya watu wawili, sawa, piga hesabu, kuanzia watatu ni siasa, na Excel haina kinyongo, watu wanacho. Kuna wanaonijia washalipia maboksi 200 yaprintiwe na hawajaicheza hata mara tano na watu wasiowajua, sasa hapo nikwambie nini.