Laptopu tano za wanafunzi wa udaktari wa mifugo: je, paswadi inatosha?

Swali: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama hapa Langoni, Lamu. Tuna vijana watano wanaosomea udaktari wa mifugo Kabete, nasi tumechanga tukawanunulia laptopu tano za mtumba. Mmoja wao mwaka jana aliibiwa yake ndani ya basi, na ndani mlikuwa na picha zake zote za mafunzo na kumbukumbu za kazi za nyanjani. Fundi aliyetuuzia hizi ametuambia tutulie: ametia paswadi kali kila moja, ametia antivairasi, na ikiibiwa ataisaka kwa namba yake. Windows na programu za kuandikia ametutilia bure. Je, paswadi hiyo inatosha? Na tufanye nini kabla vijana hawajapanda boti kuvuka kwenda Mokowe, upande wa bara?

Jibu: Wa alaykum salaam, mamangu. Haitoshi. Swali hili naletewa dukani karibu kila wiki, na kila anayelileta ameshaambiwa na mtu kuwa paswadi ipo, asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wako ni wa haki, ushikilie.

Paswadi mnayoandika laptopu inapowaka ni ya Windows. Windows ndiyo inayouliza, na Windows ndiyo inayokataa. Mwizi asipopitia kwa Windows hiyo, hakuna wa kumuuliza. Anafungua skrubu za chini, anatoa diski, anaitia kwenye kasha la USB la shilingi mia kadhaa na kuichomeka kwenye kompyuta yake. Picha, barua, hesabu, vyote vinatokea. Hata bisibisi si lazima, maana flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama Windows, inatosha kuiwasha mashine ile ile na kuisoma diski yake ikiwa ndani. Kazi hii nimeifanya mara nyingi kwa wateja waliosahau paswadi zao, wenyewe wakiwa wamesimama pembeni, na aghalabu haifiki robo saa. Paswadi iwe ya herufi nane au thelathini, kwa njia hii haizuii kitu.

Wewe ni mtu wa Lamu, utanielewa nikisema hivi: ni nyumba yenye mlango wa nakshi na komeo zito mbele, na nyuma ua umezibwa kwa makuti. Anayekuja kwa heri atabisha hodi mlangoni. Mwizi atazunguka.

Kinachoifunga diski yenyewe kinaitwa usimbaji fiche. Kila kinachoandikwa kwenye diski kinavurugwa, na bila ufunguo wake hakisomeki, hata diski ikihamishiwa mashine nyingine. Kwenye Windows Pro kazi hiyo inafanywa na BitLocker. Windows Home nayo ina usimbaji wake wa kifaa, mradi mashine iwe na vifaa vinavyoukubali. Mac wanatumia FileVault, na Linux inatumia LUKS, ambayo rahisi zaidi ni kuichagua tangu siku ya kuiweka. Haviongezewi senti. Ajabu ni kwamba fundi anayelipwa kuziandaa laptopu tano anaweza kukaa nazo siku mbili asiuguse mpangilio huo, kisha akawauzia antivairasi.

Mimi si daktari wa mifugo, lakini laptopu za vijana hawa nimezifungua nyingi. Kozi ya Kabete ni miaka 5, na kufikia miaka ya mwisho mashine imejaa picha za mizoga iliyopasuliwa, video za ultrasaundi, picha za hadubini, na orodha za wafugaji kwa majina, simu na boma zao. Wakirudi likizo wanapiga na picha za vidonda vya punda wetu, maana punda wa kisiwa hiki hawapungui kazi, ndiyo sababu The Donkey Sanctuary, shirika la kuhudumia punda, walifungua kliniki hapa 1987. Kijana akipoteza picha hizo amepoteza masomo yake, na hilo kila mzazi analiona. Lisiloonekana ni la mfugaji.

Chukua homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2006 hadi 2007 ulianzia pande za Garissa, na waliokuwa na mifugo wakati ule wanakumbuka minada iliyofungwa na nyama iliyokosa mnunuzi. Ugonjwa huo, kama kimeta, ni wa kuripotiwa serikalini. Sasa mwanafunzi ana picha ya ng'ombe aliyetupa mimba, na chini yake jina la mfugaji na kijiji chake, na neno "inashukiwa". Maabara bado haijajibu. Laptopu ikaibiwa, picha zikasambazwa na mtu asiyejua tofauti ya kushuku na kuthibitisha. Mfugaji yule atauza wapi? Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu majina, simu na makazi ya watu kuwa ni amana ya anayeyashika, na anayezisimamia taarifa hizo zikivuja kwa namna ya kumdhuru mwenyewe anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kijana wenu atazishika amana za namna hii maisha yake yote ya kazi. Aanze kuzilinda akiwa mwanafunzi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi wakishaambiwa habari ya usimbaji hulikosea, nalo linaumiza kuliko wizi. Diski ikisimbwa na BitLocker inatoka na ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Siku mashine ikibadilishwa bodi, au BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ikasasishwa, au Windows ikashuku kitu, itakusimamisha mlangoni na kudai tarakimu hizo. Huna, basi mafaili yamekwenda. Mimi siwezi kukusaidia, na atakayekuambia anaweza anakula pesa yako. Wamekuja wenye laptopu zao halali, risiti mkononi, nikawarudisha hivyo hivyo.

Na ufunguo huo uko wapi? Mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumiwa mashine ilipowashwa mara ya kwanza. Mamangu, hapa nisikilize vizuri. Mafundi wengi wakiandaa laptopu kwa haraka wanaingia kwa barua pepe yao wenyewe, moja kwa mashine zote. Usimbaji ukijiwasha, na kwenye mashine mpya siku hizi hujiwasha bila kuulizwa, funguo za laptopu zenu tano zinakaa kwa fundi. Fundi huyo akipotea, au mkagombana, au akaunti yake ikaibiwa, mmefungiwa nje ya mali yenu.

Kwa hiyo kabla ya boti, mkae na vijana wote watano kwa pamoja, laptopu ziwe mezani. Kila mmoja aingie kwa akaunti yake mwenyewe, yenye barua pepe yake na namba yake ya simu. Ikiwa iliyopo ni ya fundi, usimbaji uzimwe kabisa, akaunti ya fundi iondolewe, kisha uwashwe upya chini ya akaunti ya kijana ili ufunguo mpya utoke. Kule kwenye mipangilio ya faragha na usalama kutaonyesha kama umewaka. Halafu tarakimu 48 zinakiliwe kwenye karatasi mbili. Moja abaki nayo kijana, mbali na mkoba wa laptopu. Ya pili ikae kwako wewe mweka hazina, pamoja na risiti na namba ya kila mashine, sandukuni na hati zenu nyingine. Kazi hii ni ya alasiri moja.

Paswadi nayo msiiache. Usimbaji unailinda diski ikiwa mashine imezimwa. Ikiibiwa ikiwa inawaka, au imelala tu kwa kufunikwa kifuniko, ufunguo umeshafunguliwa ndani na kilichobaki kumzuia mwizi ni skrini ya paswadi. Ndiyo maana safarini izimwe kabisa. Kuifunika na kuitia mkobani si kuizima.

Kuhusu Windows ya bure. Laptopu za mtumba zilizotoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11 kwa kawaida zina leseni yao ndani ya bodi. Ukiiweka Windows safi ya aina ile ile, inajithibitisha yenyewe ikipata intaneti. Hapakuwa na haja ya kuvunja kitu. Lakini fundi asiyejua hilo, au asiyetaka kusubiri, huchomeka flashi yake yenye programu ya kuvunjia leseni, na programu hizo sharti lao la kwanza ni kuzimiwa kinga ya mashine. Umewahi kumfungulia mtu mlango kwa sharti kwamba mlinzi alale? Vairasi wa kufunga mafaili na kudai fidia aitwaye STOP/Djvu amesambaa duniani kwa njia hii hasa, ndani ya programu zilizovunjwa. Anafunga picha na maandishi yote, anaacha barua ya kudai dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72. Na hapo usimbaji haukusaidii, kwa sababu adui ameshaingizwa ndani, anafanya kazi diski ikiwa wazi. Kwa kuandikia watumie LibreOffice, ni ya bure kihalali, na wakiulize chuo kama kinawapa wanafunzi programu za Microsoft kwa barua pepe ya chuo. Ushauri wangu ni mashine zote tano zifutwe na kuwekwa upya kutoka kwa faili la Microsoft lenyewe, kwanza, kabla ya kuwasha usimbaji.

Mkishazifuta mtagundua na jambo jingine. Baadhi ya laptopu za mtumba kutoka ng'ambo zilikuwa za makampuni, na nyingine bado zimesajiliwa kwao. Ukiiwasha upya ikiwa na intaneti, inakutolea jina la kampuni na kukutaka uingie kama mfanyakazi wao. Ikitokea hivyo, mrudishieni muuzaji siku hiyo hiyo. Mtazame pia umri wa prosesa, yaani ubongo wa mashine. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inahitaji chipu ya kutunzia funguo iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa kuanzia jenerasheni ya 8. Zile za jenerasheni ya 6 na ya 7 ndizo zinazomwagwa sokoni sasa kwa bei ya kuvutia. Zenu zikiwa hizo, zitieni Linux yenye LUKS. Zitamtumikia mwanafunzi vizuri tu.

Nakala ya akiba ni lazima, maana usimbaji unamnyima mwizi lakini haukurudishii kitu. Diski ya nje, nayo isimbwe, ibaki chumbani kijana akisafiri. Aliyeibiwa mwaka jana, nina hakika flashi yake ilikuwa mkoba ule ule.

Limebaki hilo la kusaka kwa namba, na hili ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu linawakuta watu wakiwa na msiba. Laptopu ya kawaida haina IMEI, ile namba ya utambulisho, kama simu. Ina namba ya kiwanda iliyobandikwa chini, na namba hiyo haitoi mawimbi yoyote hewani. Hakuna mnara unaoisikia. Windows ina huduma yake ya kuonyesha mashine ilipo, lakini ni lazima iwe imewashwa mapema, mwenyewe awe ameingia kwa akaunti yake, na mwizi aiunganishe na intaneti kabla hajaifuta. Akiifuta, basi. Anayekuambia mtumie namba ya kiwanda na elfu mbili kwa M-Pesa akusakie, kisha elfu tatu za "kufungua mtambo", anakuibia mara ya pili. Nimemwona mama mmoja aliyemlipa mtu wa namna hiyo mara nne, kila mara akiambiwa laptopu imeonekana Mombasa, imeonekana Mtwapa, imeonekana Voi. Pesa alizotuma zilikaribia bei ya mashine nyingine ya mtumba. Mwanawe alimaliza muhula akiandikia kwenye simu.

Msimlipe mtu kazi hiyo, hata akiwa ndiye aliyewauzia. Namba ya kiwanda ina kazi yake, nayo ni kwa polisi. Ikiibiwa, kijana aende kituo cha karibu siku hiyo hiyo na namba pamoja na nakala ya risiti, aandikishe, achukue namba ya OB, yaani daftari la matukio, na abstract, hati ya polisi ya kuthibitisha taarifa. Kisha kwa simu yake abadilishe paswadi ya barua pepe na aitoe mashine ile kwenye akaunti yake. Akupigie na wewe, ili uitie alama kwenye daftari lenu.

Mkipenda, zileteni zote tano Jumamosi asubuhi kabla jua halijakali, vijana wenyewe wawepo, kila mmoja na simu yake. Fundi wenu naye mwambieni aje, nitamwonyesha diski inavyotoka.