Maswali ya Wasomaji: Kijiji cha Uingereza Ambako Shamba Halina Ua

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa na vipande vya shamba vilivyotawanyika huku na huko, hadi serikali ya kikoloni ilipoviunganisha kuwa shamba moja katika miaka ya 1950, kwa hoja kwamba mkulima wa kisasa hawezi kuendelea kwa kulima vipande. Sasa nasikia kwamba huko huko Uingereza kuna kijiji ambacho wakulima wake wanalima vipande hadi leo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, wanaepukaje ugomvi wa mipaka?
Msomaji, Karatina, Kenya

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Kijiji hicho kinaitwa Laxton, nacho kiko Nottinghamshire, kaskazini-magharibi mwa mji wa Newark. Kina mashamba makubwa matatu, West Field, South Field na Mill Field, yasiyo na ua wala seng'enge kati ya mkulima na mkulima, na vipande vya kila mmoja vimetapakaa ndani ya mashamba hayo. Katika enzi za kati, sehemu kubwa ya Uingereza ya kati ililimwa hivyo. Utaratibu huo ulivunjwa na sheria za kuzungushia ardhi ua, ambazo Bunge lilizipitisha kwa maelfu, hasa kati ya mwaka 1750 na 1850. Kwa hiyo maofisa waliowaletea Mpango wa Swynnerton mwaka 1954, yaani ule mpango wa kikoloni wa kuunganisha vipande vya ardhi Kenya, walikuwa wakihubiri jambo ambalo kwao lilikuwa limekwisha kufanyika zamani, isipokuwa Laxton na mahali pengine pachache mno.

Kilimo chenyewe huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu: shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi, la pili hupandwa mazao ya majira ya kuchipua kama shayiri, na la tatu hupumzishwa. Hakuna anayejiamulia peke yake, kwa kuwa anayekwenda kinyume atawavurugia wote. Ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635, ambayo sasa inahifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian huko Oxford, inaonyesha vipande zaidi ya 2,000, vingine vikiwa na watu wanaolima, kuvuna na kuchunga. Leo vipande ni vichache zaidi na vipana zaidi, maana viliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili viendane na zana mpya.

Kuhusu mipaka, hapa ndipo penye utamu. Mwishoni mwa Novemba, jopo la wakulima wa hapo hapo hulikagua shamba lililopandwa ngano mwaka huo. Hupanda tela la trekta pamoja na nyundo na vigingi vya mbao, hushuka kila penye shaka, hutazama kama mstari wa mpaka umenyooka, kisha hupigilia kigingi pale wanapokubaliana. Wanachokitafuta hasa ni mtu aliyesogeza jembe akala njia ya wote, au akachimbua ukanda wa majani ulio bondeni, ambako ardhi ni chepechepe na nyasi zake hukatwa kwa ajili ya mifugo. Wiki moja baadaye baraza la kijiji hukaa katika baa ya Dovecote Inn, makosa husomwa mbele ya wenzao, na mkosaji hutozwa faini. Faini ni ndogo. Kinachouma ni kusomwa jina. Hata sheria ya mwaka 1977 iliyoyanyang'anya mabaraza ya namna hii mamlaka yake ililiachia baraza la Laxton mamlaka hayo.

Hata hivyo, nakuomba usiharakishe kulinganisha na kwenu. Wakulima wa Laxton ni wapangaji. Ardhi yote hiyo ina mwenyewe mmoja: ilikuwa ya ukoo wa Earl Manvers hadi ilipouzwa kwa Wizara ya Kilimo mwaka 1952, ikahamia kwa mamlaka ya mali za Taji, yaani mali za ufalme, mwaka 1981, na mwaka 2020 ikarudi katika milki ya Thoresby, yaani kwa ukoo ule ule. Mpangaji hawezi kuuza kipande chake, kukigawa kwa watoto wake wanne wala kukizungushia ua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya utaratibu huo kudumu, kuliko mapenzi ya mambo ya kale yanayosifiwa kwenye vipeperushi vya watalii. Babu yako alipewa hati, wao hawana.

SWALI: Tunaishi Leicester na tungependa kwenda Laxton na watoto. Kuna nini cha kuona?
Msomaji, Leicester, Uingereza

JIBU: Msitarajie mji. Kuna kanisa la Mtakatifu Mikaeli, nyumba za wakulima zilizojipanga kando ya barabara, kituo kidogo cha maelezo karibu na Dovecote Inn, na kilima cha udongo kilichobaki cha ngome ya Wanormani, ambacho watoto watakipenda kuliko vyote. Vaeni mabuti, kwa sababu udongo wa hapo ni mfinyanzi. Msitu wa Sherwood hauko mbali.

Ndani ya eneo la Laxton kuna pia jumba la makumbusho ya mauaji ya Wayahudi, lililofunguliwa mwaka 1995 na ndugu wawili, Stephen na James Smith, pamoja na familia yao. Ndugu hao ndio baadaye walioanzisha Aegis Trust, shirika lililoshirikiana na Jiji la Kigali kujenga kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyoko Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004. Ulizeni kwanza siku za kufunguliwa, na kama watoto ni wadogo, ulizeni pia kuhusu maonyesho yaliyotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi.