Kipimo kimesema masikio mazima, mbona mtoto hasikii?

Safari hii maswali yote yanahusu OTOF, mojawapo ya jeni zinazoleta uziwi wa kurithi.

Mwanangu alipimwa masikio alipozaliwa, tukaambiwa yuko sawa. Sasa ana mwaka, hashtuki hata mlango ukibamizwa. Inawezekanaje?

Inawezekana, na hiyo ndiyo hila ya OTOF. Kipimo kinachotumika sana kwa wachanga hutoa sauti ndogo sikioni, kisha hunasa mwangwi unaorudi. Mwangwi huo hutoka kwenye seli za safu za nje za sikio la ndani, na kwa watoto hawa seli hizo kwa kawaida ni nzima. Kasoro iko kwenye seli za safu ya ndani, zile zinazopeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Mashine inapata mwangwi wake, ubongo haupati kitu.

Omba kipimo cha pili, kile cha kubandika waya kichwani mtoto akiwa amelala, kinachosoma mwitikio wa mshipa na shina la ubongo. Mwangwi ukiwepo na mwitikio usiwepo, daktari ana sababu nzuri ya kuagiza kipimo cha jeni. Si lazima iwe OTOF. Umanjano mkali wa uchangani nao huweza kuleta hali kama hiyo. Lakini nenda sasa. Kauli ya “ataongea tu, wengine huchelewa” imewapotezea watoto wengi muda.

Protini inayotengenezwa kwa maelekezo ya OTOF hufanya nini?

Inaitwa otofelini, mnyororo wa asidi amino 1,997. Sauti ikifika, kalsiamu huingia kwenye seli. Otofelini huihisi na kuvifanya vifuko vya glutamati vimwage kemikali hiyo kwenye neva. Bila otofelini vifuko vimejaa, vimejipanga, ila havimwagi. Jeni yake, iliyo kwenye kromosomu ya 2, ilitambuliwa mwaka 1999 na watafiti wa Taasisi ya Pasteur, Paris.

Mimi na mume wangu tunasikia, na ukoo mzima hauna kiziwi. Katoa kwa nani?

Kwenu nyote wawili. Kila mmoja wenu ana nakala moja yenye kasoro na moja nzima, na hiyo moja inatosha kusikia. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye kasoro zote mbili, hata kama aliyetangulia ni kiziwi. Wakwe watafute mchawi kwingine.

Binamu yangu akishikwa na homa hasikii kabisa, akipona anasikia. Anajifanya?

Hajifanyi. Baadhi ya mabadiliko ya OTOF huzaa protini isiyostahimili joto la mwili likipanda. Mwalimu wake aambiwe.

Tiba ya jeni ipo kweli?

Ipo, na imewafikia watoto. Ugumu ulikuwa kwenye mzigo: kirusi kinachotumika kubeba jeni hubeba takriban herufi 4,700 za kijeni, na maelekezo ya otofelini ni karibu 6,000. Watafiti wakayagawa mara mbili, virusi viwili vikabeba, yakaungana ndani ya seli. Januari 2024 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya watoto 6 waliotibiwa Shanghai; 5 walianza kusikia. Tiba hii ni ya OTOF peke yake, jeni nyingine za uziwi haizigusi.

Kipandikizi cha kokilea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji kwenye sikio la ndani, nacho huwafaa sana watoto hawa, kwa kuwa huuchochea mshipa moja kwa moja, na mshipa wao ni mzima. Vifaa vya kukuza sauti huwasaidia kidogo mno: sauti hata ikuzwe vipi, vifuko havimwagi.