Jibu: Huyo paka wa Sokoke ni wa kweli?

Dada, umesema kuna mtu hapo Nyali anakuuzia mtoto wa paka "Sokoke halisi" kwa bei ya kuogofya, nawe unaishi ghorofani na watoto wadogo. Usitoe pesa kwanza.

Paka hawa asili yao ni huku kwetu Pwani, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwapata watoto wa paka kwenye shamba lake karibu na Watamu. Baadaye wengine walipelekwa Denmark, na FIFe, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafugaji paka, ikawatambua rasmi mwaka 1993. Kwa hiyo muulize huyo muuzaji cheti cha nasaba, yaani karatasi inayoonyesha wazazi wa paka huyo. Kama hana, huyo ni paka wetu wa kawaida mwenye mabaka. Mchukue ukimpenda, lakini si kwa bei hiyo!

Mtazame kwa karibu: Sokoke halisi ana manyoya mafupi yaliyolala mwilini, mabaka ya kahawia kama gome la mti, na ndani ya baka jeusi utaona vinyweleo vya rangi mbili. Miguu ya nyuma ni mirefu kidogo, kwa hiyo hutembea kama anayenyata.

Tabia yake si ya kukaa kochini. Hupanda kila kitu, ana maneno mengi, na hung'ang'ania watu wake. Ghorofani lazima uweke wavu madirishani.

Ukimchukua, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apate dawa ya minyoo na chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa. Akikwaruza au kuuma mtoto kabla ya hapo, osheni kidonda kwa sabuni na maji mengi, mwende hospitali siku hiyohiyo.