Ukiondoa uongo, weka maelezo mahali pake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kwa nini uvumi huendelea kuaminika hata baada ya kukanushwa. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Pwani ya Kenya, na siridhiki na jibu tulilolizoea, kwamba watu hawajasoma. Uvumi unaodumu huwa unaeleza jambo ambalo watu wameliona kwa macho yao. Tunaokanusha tunaliacha jambo lile lile bila maelezo.

Mwaka 1994 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Hollyn Johnson na Colleen Seifert, waliwapa watu wasome taarifa fupi fupi za ghala lililoungua. Taarifa mojawapo ilisema kwenye stoo kulikuwa na makopo ya rangi ya mafuta na mitungi ya gesi. Baadaye wakaambiwa kumbe stoo ilikuwa tupu. Wengi walilikumbuka sahihisho hilo bila shida, lakini walipoulizwa moshi mzito na milipuko ilitokana na nini, wakarudi kwenye rangi na gesi. Moshi bado upo na lazima uwe na chanzo, kwa hiyo akili hushika kile ilichonacho. Wale walioambiwa pia kwamba kumepatikana vitu vya kuchomea ghala kwa makusudi waliiacha ile rangi kwa urahisi zaidi.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2014 serikali ilikuwa ikiendesha kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika maeneo yenye hatari zaidi. Maaskofu Wakatoliki wakatangaza kwamba chanjo imetiwa homoni ya kuzuia uzazi. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakajibu kwamba chanjo ni salama. Ni kweli, ni salama. Lakini kina mama waliokuja kwetu walikuwa na swali lao: “Daktari, kama ni pepopunda tu, kwani msumari haumchomi mwanamume?” Na lingine: mbona sindano si moja?

Hayo ni maswali ya mtu anayefikiri, na “chanjo ni salama” haliyajibu hata moja. Uvumi uliyajibu yote mawili.

Majibu ya kweli yapo, tena hayana ugumu. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi. Kitovu kikikatwa kwa wembe usio safi au kikapakwa kitu kichafu, mtoto huambukizwa. Siku chache baadaye hawezi kunyonya, taya limekaza, mwili umekakamaa, na wengi hufa. Mtoto wa umri huo huwezi kumchanja ukawahi. Mama akichanjwa, kinga humfikia mtoto angali tumboni. Ndiyo maana wanaitwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Sindano moja haitoshi kujenga kinga; ya pili hufuata baada ya wiki 4 na ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi. Mama akishayapata haya, hata akikutana na uvumi tena, ana cha kuushindanisha nao.

Kurudiarudia nako kuna nguvu yake. Utafiti wa Hasher, Goldstein na Toppino wa 1977 ulionyesha kwamba sentensi iliyosikika mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi kuliko mpya, iwe kweli au uongo. Ndiyo maana sipendi bango linaloanza na uvumi wenyewe kwa herufi kubwa, na kanusho likafuata chini kwa herufi ndogo.

Sisemi maelezo yanamshawishi kila mtu. Padre amembatizia mama huyu watoto wake wote. Wizara anaisikia redioni. Kwake yeye, maneno yangu yale yale yana uzito zaidi yakitoka kwa mkunga wa kijijini au kwa shangazi aliyewahi kumzika mtoto mchanga kwa ugonjwa huu, na hao tungewaendea mapema. Kwa wanaopanga kampeni ijayo ombi langu ni moja: sababu ya kuwaita wanawake peke yao, na ya kuwaita zaidi ya mara moja, iandikwe juu kabisa kwenye bango la siku ya kwanza, kabla mtu mwingine hajawatungia.