Mlio wa "tak" usikudanganye: siku trela liliponichomoka Chalinze

Nimeendesha semi njia ya Dar–Tunduma miaka mingi tu, mlima wa Kitonga nimeupita usiku na mvua na mzigo wala haikunitokea la maana, aibu yangu kubwa ikaja kunikuta kwenye tambarare kabisa, parking ya Chalinze, spidi hata kumi haijafika.

Ilikuwa hivi. Kichwa cha lori la mwenzangu kilikufa giaboksi, bosi akanipigia nikaunge trela lake, saruji tani 30, yaani mifuko 600, nipeleke Makambako. Saa nne usiku, manyunyu, njaa inauma na bosi kila baada ya dakika kumi "vipi umetoka?". Nikarudi rivasi, nikasikia tak! Dogo wangu, utingo, akapiga bodi, "imeingia hiyo suka, twende zetu". Nikaamini. Akaunga mipira ya upepo, akakunja miguu ya trela, ile linayosimamia likiwa halina kichwa, tukaondoka.

Kumbe mwenzangu alipoliacha trela alikuwa kalipandisha juu kidogo kwa miguu ili kichwa chake kitoke kirahisi, kwa hiyo mimi niliporudi ile pini ya chini ya pua ya trela haikushuka ndani ya kufuli la kichwa changu, ilikaa juu yake, kufuli likajifunga chini ya pini na likalia vizuri tu kama siku zote. Tulipopanda tuta la kutokea barabarani nikasikia gari limekuwa jepesi ghafla halafu mshindo, kucheki saitimira pua ya trela imelala kwenye mkia wa chesisi yangu, mpira mwekundu wa upepo umekatika unalia fyuuu na trela limejikaba breki lenyewe. Hapo kwenye kujikaba tushukuru, upepo ukikata zile springi za breki zinashika, bila hivyo lingerudi nyuma kwenye foleni ya watu.

Sasa watu wa parking unawajua, dakika mbili nyingi tayari una washauri kumi na wote wanasema "vuta mbele tu". Nilikuwa nishaingiza gia, akaja mzee mmoja dereva wa tenka na kikombe chake cha kahawa mkononi, akasema "kijana wangu, zima gari. Ukichomoa hicho kichwa pua inaenda kwenye lami, na hapo utatafuta kreni". Nikazima. Shikamoo yake nilimpa baadaye, mdomo ulikuwa umekauka.

Tulichofanya: kwanza mawe kwenye matairi ya trela, mbele na nyuma, halafu triango na matawi barabarani pande zote mbili na mbali, sio hatua tano kutoka kwenye gari. Tukakodi kuli wakashusha mifuko 120 ya mbele, tani 6 hizo, maana uzito wa mbele ndio unaokalia pua. Chini kulikuwa na udongo laini kwa hiyo kila jeki ilikaa juu ya mbao nene, jeki mbili, kulia na kushoto, kwenye mihimili mikubwa ya chesisi ya trela, sio kwenye bati. Unapandisha kidogo huku, kidogo kule, na kila ikipanda unajaza mbao ili jeki ikiteleza trela lishuke kidole kimoja tu, sio nusu mita. Dogo alitaka kuingia chini asogeze ubao kwa mkono, mzee akamvuta kwa mkanda wa suruali, akampa mpini wa jembe, "sukuma na hiki". Dakika kama tano mbele jeki ya kushoto ikateleza kweli. Hatukuongea kwa muda.

Miguu ikashuka ikakaa kwenye mbao, tukapandisha trela kwa gia nzito ya miguu, kichwa kikatoka alfajiri inaingia. Kama springi zako za nyuma ni za upepo toa upepo kwanza, kichwa kinashuka na kazi inakuwa rahisi. Na kama umebeba mafuta usishike jeki kabisa, fukuza watu, simu, zimamoto. Ajali ya tenka pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 hatujasahau, walikufa zaidi ya watu 100 kwa sababu ya kuchota mafuta.

Toka siku ile siungi trela bila tochi, hata mchana. Kabla ya kurudi nyuma naangalia kimo, bati la trela linatakiwa liguse sahani, ile ya kichwa inayobeba pua, na kupanda nayo kidogo, ukiona litapita juu shusha trela kwanza kwa kufupisha miguu. Ikishaingia nashuka mwenyewe, simtumi mtu, nachungulia kati ya sahani na trela, pakipita mwanga hata mwembamba hapo hamna kitu, rudia. Halafu naingia kwa nyuma namulika kufuli limeikumbatia pini kweli, na mpini wa kufuli umerudi mpaka mwisho. Breki za trela zikiwa zimeshika navuta mara mbili taratibu, ndipo miguu inakunjwa. Miguu ni ya mwisho, usiku ule tuliikunja mapema ndio maana pua haikuwa na pa kukalia.

Na ukitoka kula, Ruaha Mbuyuni au popote, chungulia tena ule mpini, kuna watu wanauvuta kwa ubaya au utani tu.

Pini yenyewe ilikuwa na mkwaruzo, fundi mmoja akasema anaijaza kwa weldi asubuhi hiyohiyo. Nilimkatalia, bosi akanuna siku tatu, ikabadilishwa nzima. Mifuko iliyopasuka nilikatwa mshahara.