Baba atobolewe moyo kwa leza?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba ana miaka 71. Alipandikiziwa mishipa ya moyo India, na sasa kifua kimeanza tena kumbana. Akienda msikitini anasimama mara tatu njiani, anaweka kidonge chini ya ulimi. Hospitali wanasema mishipa yake haipandikiziki tena wala haiwekeki stenti, kile kijibomba cha kupanua mshipa. Kaka aliyeko Marekani amesikia kuna leza isiyohitaji kupasua kifua chote. Tuuze shamba? – Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shamba liacheni kwanza.

Leza hiyo, yaani mwali mkali wa mwanga, ipo. Marekani iliruhusu mashine ya kwanza mwaka 1998. Daktari hupasua kidogo kati ya mbavu za kushoto, moyo ukiwa unapiga, akautoboa moyo kwa leza vitundu 20 hadi 40 vya upana wa milimita moja hivi. Damu ikichuruzika nje, anabana kwa kidole mpaka ikatike. Nilipoisoma mara ya kwanza niliguna.

Waliobuni walitaka damu ipenye humo ilishe msuli wa moyo. Kumbe vitundu vingi huziba. Wapo wagonjwa wanaopata nafuu, na mabingwa bado wanabishana kama ni neva za maumivu zilizoungua au vijishipa vipya vilivyoota. Kurefusha maisha haijathibitika, na hatari yake si ndogo. Uingereza, taasisi ya NICE, inayoshauri tiba zipi zitumike huko, ilishauri mwaka 2009 isitumike.

Kuna ya pili, inayopitishia leza kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, bila kupasua kabisa. Nahisi hiyo ndiyo inayomvutia kaka yako. Utafiti uliochapishwa 2005 ulichukua wagonjwa karibu 300. Baadhi yao walilazwa mezani, wakafanyiwa kila kitu isipokuwa leza yenyewe, bila kujua. Nao wakapata nafuu sawa na wenzao! Kwa hiyo, hiyo sikushauri hata mkipewa bure.

Sasa turudi kwa baba. Mpelekeni kliniki na dawa zake zote, zikaangaliwe upya. Mara nyingi kuna dozi ya kuongeza au dawa ya kuongezea. Ulizeni kama anaweza kuweka kile kidonge akiwa bado nyumbani, ameketi, kabla ya kutoka. Na je, anakihifadhi wapi? Kama ni mfuko wa kanzu, kwa joto la Tanga, huenda anamumunya kitu kilichokwisha nguvu. Kikae kwenye chupa yake, imefungwa. Siku maumivu yakipita dakika tano baada ya kidonge, msingoje adhana wala gari la jirani: hospitali.